Akili Ndiyo Iliyoruka

Kikao cha wazee wa kanisa kilikaa chini ya mwembe kwa sababu ofisi ya usharika ilikuwa imejaa mifuko ya saruji. Nilikuwa na miaka 18, nimeitwa kuandika kumbukumbu kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Ajenda ilikuwa moja tu. Kijana wa mama mmoja mjane alikuwa amekufa, na namna alivyokufa ilijulikana kijiji kizima. Je, mchungaji avae joho na kwenda makaburini, au ndugu wazike wenyewe bila kengele? Mzee mmoja akanigeukia: "Andika, kijana. Marehemu alijiua." Nikaandika. Yule mama hakuwa mjumbe. Alikuwa ameruhusiwa kukaa pembeni tu, juu ya mkeka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya mahindi: "Baba mchungaji, mwanangu hakujiua. Kauawa. Kauawa na maradhi yake."

Hakuna aliyemjibu. Kengele haikupigwa.

Tangu hapo nimekula mkate wangu kwa kusahihisha Kiswahili cha watu wengine, na sijakutana na sahihisho kubwa kuliko lile. Mama alibadilisha kitenzi. Aliondoa silabi moja, *ji*, akaongeza *w*, na kwa kufanya hivyo alimtoa mwanawe kwenye kizimba cha mshtakiwa akamweka kwenye jeneza la aliyeonewa. Wazee walidhani ni uchungu wa mzazi unaosema. Mimi leo naamini ilikuwa teolojia, tena teolojia safi, na kwamba Kiswahili chenyewe ndicho kilichompa.

Tazama tunavyosema mtu anapopatwa na ugonjwa wa akili. Hatusemi ameruka. Twasema *amerukwa* na akili. Aliyeruka si yeye. Akili ndiyo iliyoruka, ikamwacha amesimama pale pale, mikono mitupu. Na kitenzi hiki hakisimami peke yake. Kina ndugu zake, na ukiwapanga safu moja utaona ni ukoo wa namna gani: kufiwa, kuibiwa, kunyeshewa, kuishiwa, kupotewa, kukimbiwa, kuchwewa. Ni ukoo wa watu waliofikwa na jambo. Mtu aliyechwewa njiani hakulituma jua lizame. Aliyefiwa hakuua. Hata lugha ya waganga na waombezi, yenye maelezo tofauti kabisa ya chanzo cha ugonjwa, imekaa katika safu hiyo hiyo: amepandwa na mashetani, amepagawa na pepo, ameingiwa na wazimu. Na lugha ya kawaida ya zahanati pia: amechanganyikiwa. Unaweza kubishana na mwenzako usiku kucha kama ni pepo au ni ugonjwa wa ubongo, lakini mkisema Kiswahili, sarufi imekwisha kuwapatanisha juu ya jambo moja: huyu katendwa.

Sasa weka kando ya safu hiyo neno *kujiua*. Kile kiambishi *-ji-* kinamfanya mtu mmoja asimame pande zote mbili za kitendo, mtenda na mtendwa, muuaji na maiti. Ndiyo maana neno ni zito kulitamka msibani. Lakini Kiswahili hicho hicho kina msemo mwingine wenye *-ji-* hiyo hiyo, tena mara mbili: *hajijui hajitambui*. Siku hizi vijana wameufanya tusi la mitandaoni, ila wazee waliutumia kwa mgonjwa aliyezidiwa, asiyejua yuko wapi wala ni nani. Nami huuliza swali ambalo laiti ningelijua nikiwa na kalamu chini ya mwembe: kama mtu hajijui, ile *-ji-* ya kujiua inasimama juu ya nani?

Martin Luther aliliona tatizo hili bila Kiswahili. Katika mazungumzo ya mezani kwake ambayo wageni wake waliyaandika, ya mwaka 1532, alisema hakubaliani na wanaodai kwamba wote waliojiua wamepotea hakika. Akatoa mfano wa msafiri aliyeuawa msituni na mnyang'anyi. Aliona kwamba wengi wao hawakutaka jambo lile, walizidiwa nguvu. Naye, kama mama yetu wa kwenye mkeka, alitoka kwenye kujiua akaenda kwenye kuuawa. Hakutaka habari hiyo itangazwe ovyo kwa kila mtu, akihofia Shetani asije akapata upenyo wa kuua wengine, na hofu hiyo naiheshimu: aliye hai leo na anayesikia giza likimwita asidhani nimemwambia njia iko wazi. Namwambia aite mtu, sasa hivi, asibaki peke yake. Lakini kwa aliyekwisha kwenda, Luther aliweka mnyang'anyi msituni, na sisi Walutheri wa Afrika Mashariki tumekuwa tukizika kana kwamba mnyang'anyi huyo hayupo.

Wakatoliki wameandika mabadiliko yao katika sheria, na mpenda maneno anaweza kuyafuata kwa kidole. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 uliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua *kwa kusudi la makini*, na maneno hayo yalikuwa mlango mwembamba ambao paroko mwenye huruma aliweza kumpitisha marehemu: kama kusudi halikuwa la makini, katazo halikumgusa. Mkusanyo wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1184 inayotaja wanaonyimwa maziko, hauwataji kabisa. Katekisimu ya mwaka 1992 ikaja kusema, kwa maneno yangu, kwamba msukosuko mzito wa nafsi, fadhaa au hofu kubwa ya mateso vinaweza kupunguza wajibu wa mtu juu ya tendo hilo. Serikali zinakwenda polepole zaidi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa upande wa Tanzania, Kanuni za Adhabu zimelihesabu jambo hilo kuwa kosa tangu enzi za Waingereza.

*Kosa*. Hapa inabidi tukae kidogo, maana neno hili limebeba mkanganyiko wote.

Maneno mengi ya hukumu tuliyonayo yalikuja na upepo wa kaskazi: dhambi, hatia, lawama, adhabu, toba, hesabu, dhamiri. Yote yana asili ya Kiarabu. Wamisionari waliyakuta pwani yakiwa yamekomaa midomoni mwa Waislamu, wakayabatiza. Lakini *kosa* ni letu, la Kibantu, na maana yake ya kwanza si uovu. Ni kutopata. Mwindaji hukosa paa. Mgeni hukosa basi. Mtoto hukosa ada akarudishwa nyumbani. Kisha, kwa hatua ambayo imetokea katika lugha nyingi (neno la Kigiriki la dhambi katika Agano Jipya, *hamartia*, nalo asili yake ni kukosa shabaha), kutopata kukawa kutenda vibaya. "Nimekosa," twasema tukipiga kifua.

Kwa hiyo kitenzi kimoja kinasema mambo mawili ambayo mbele za Mungu ni mbingu na ardhi. *Amekosa akili* ni mtu aliyepungukiwa. *Amekosa* ni mtu mwenye hatia. Mhubiri asiyesikiliza mdomo wake anaweza kuanza sentensi katika maana ya kwanza na kuimaliza katika ya pili, na waumini wasigundue kwamba wamevushwa mto. Nimeisikia mimbarini: fulani amekosa amani, amekosa usingizi, amekosa furaha, *basi* kuna mahali amekosa. Lile *basi* ndilo dhuluma. Mtu aliyepungukiwa na kitu anadaiwa kitu hicho hicho alichopungukiwa nacho.

Mapokeo ya kale ya Kanisa hayakuvushwa mto kirahisi namna hiyo. Ili dhambi iwe ya mauti, Wakatoliki hufundisha, lazima jambo liwe zito, mtendaji alijue hivyo kikamilifu, naye aliridhie kwa hiari kamili. Vitatu kwa pamoja. Ukamilifu huo ndio Waswahili tunaouita *timamu*. Hukutana nalo katika wosia, pale mtu anapotangaza kwamba anaandika akiwa na akili timamu, na asili yake ni neno la Kiarabu la kutimia. Kinyume chake tunacho *punguani*, kutoka kupungua. Maana yake Kiswahili hupima akili kama unga kwenye pishi: imetimia, imepungua, haimtoshi. Kwa mpishi kipimo hicho ni cha kawaida, lakini kwa mwanateolojia ni cha ajabu, kwa sababu ndicho sheria ya Kanisa inachokitumia. Mtoto kabla ya kutimiza miaka 7 anahesabiwa kuwa hajimiliki (kanuni ya 97); mtu mzima asiye na matumizi ya akili kwa hali ya kudumu anawekwa kundi moja na mtoto huyo (kanuni ya 99); na anayeishi katika hali hiyo anahesabiwa hawezi kutenda kosa la jinai ya Kikanisa, hata kama siku ya tendo alionekana mzima (kanuni ya 1322). Tena kuna kati na kati: akili isipokwisha bali ikapungua tu, adhabu nayo inapungua.

Maneno hayo ya mwisho ya kanuni ya 1322, *hata kama alionekana mzima*, yananigusa kila niyasomapo. Aliyeyaandika alikuwa amewahi kuishi na mgonjwa. Anajua asubuhi ile ambapo ndugu yako amenyoa ndevu, amekunywa chai, ameuliza habari za ng'ombe, na jioni mnamtafuta kwa tochi.

Toma wa Akwino, karne ya 13, aliuliza kama wenye wazimu wabatizwe, na jibu lake linafundisha kwa sababu halikuwa moja. Alitenganisha waliozaliwa hivyo na waliougua ukubwani. Akawatenganisha hawa tena na wale ambao akili huwarudia kwa vipindi. Akawaweka kando wale wenye akili dhaifu ambao hata hivyo wanaweza kufikiri habari za wokovu wao. Kwa aliyeugua ukubwani, alisema, tazama alitaka nini alipokuwa mzima. Yaani alitaka tumuulize mtu yule wa zamani, tusikilize nia yake ya siku njema, na tuihesabu hiyo kuwa ndiyo yeye. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu ambaye leo anazungumza na ukuta.

Na hapa ndipo ninapogombana na nomino zetu. Vitenzi vyetu ni vya rehema, nomino zetu ni za gereza. *Kichaa*, neno lile lile la ugonjwa wa mbwa. *Mwendawazimu*, na ndani yake *wazimu*, neno lililo jirani na mizimu ya waliokufa, kana kwamba huyu tayari yuko upande wao. *Majinuni*, la majini. *Mwehu*. Vijana wana *chizi*, ambalo wakati mwingine ni la upendo, na *kudata*, ambalo nalipenda kidogo zaidi kwa kuwa angalau ni kitenzi. Tanzania nzima inajua maana ya kusema mtu ni "wa Mirembe", ingawa Mirembe ni hospitali ya Dodoma ambayo watu huingia na kutoka. Shida ya nomino ni kwamba haina wakati. Kitenzi unaweza kukiambia *-li-*, *-me-*, *-ta-*, *hu-*. Unaweza kusema alirukwa, hurukwa msimu wa mvua, akili zimemrudia. Kichaa ni kichaa asubuhi na jioni, akiwa ameugua na akiwa amepona, hata kaburini. Ukimwita mtu kwa nomino umekwisha kutoa hukumu ya mwisho, na hukumu ya mwisho si kazi yako.

Ukitaka kuona kitenzi kikishinda nomino, soma sura ya 5 ya Injili ya Marko. Mtu wa makaburini, aliyevunja minyororo, aliyejikatakata kwa mawe, mwishoni ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Nimesoma kisa hicho tangu nikiwa shule ya Jumapili na ilinichukua miaka arobaini kugundua kitu kisichokuwamo. Hakuna toba. Yesu hamwambii dhambi zako zimesamehewa. Si kwamba Marko alisahau maneno hayo. Sura tatu nyuma, aliyepooza alipoteremshwa kupitia darini, yeye aliambiwa hivyo hasa, tena kabla ya kuponywa. Aliyepooza mwili alisamehewa dhambi. Aliyerukwa na akili hakudaiwa hata moja, pamoja na yote aliyoyatenda makaburini. Alipewa kazi tu: rudi nyumbani kwenu ukasimulie. Na kama hilo halitoshi, sura ya 3 ya Injili hiyo hiyo inasema jamaa za Yesu walitoka kwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili. Neno lile limewahi kumgusa Bwana mwenyewe, na waliolisema ni ndugu zake.

Sitaki nidanganye kwamba Biblia yote inasema hivi. Nebukadneza katika Danieli sura ya 4 anapoteza akili kwa ajili ya kiburi chake, na hiyo ni adhabu waziwazi. Kumbukumbu la Torati linataja wazimu miongoni mwa laana. Sauli anateswa na roho mbaya na bado anabebeshwa matendo yake. Ila kwa Nebukadneza ona mpangilio: kwanza fahamu zinamrudia, ndipo anamsifu Mungu. Toba, neno la Kiarabu la kurejea, linahitaji mtu wa kurejea. Akili lazima imrudie mtu kabla mtu hajamrudia Mungu. Anayemlazimisha mgonjwa atubu akiwa katikati ya dhoruba anamtaka aongoze msafara ambao yeye mwenyewe hayumo.

*Akili* yenyewe, tukiifuata hadi jangwani ilikotoka, ni kamba. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule wa kumfunga ngamia goti asipotee. Nimewahi kuingia katika kambi ya maombi, sitaitaja, ambako mtu aliyerukwa na akili alifungwa mnyororo kwenye nguzo ya banda akisubiri kufunguliwa kiroho. Kamba ya ndani ilikatika, wakaweka ya chuma. Alikuwa na jeraha kifundoni. Niliuliza amekula lini, nikaambiwa yuko kwenye mfungo. Nani alitia nia ya mfungo huo? Nimejuta kwamba niliuliza swali moja tu kisha nikaondoka. Huko Lutindi, juu ya milima ya Usambara, Waprotestanti wa Kijerumani walijenga mwishoni mwa karne ya 19 makao ya watoto waliotolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hadi leo ni hospitali yao. Mahali pa waliofunguliwa minyororo pakapewa wagonjwa hawa. Kambi ile ingepaswa kuijua historia hiyo.

Kuna magonjwa mengine, yasiyovunja minyororo wala kupiga kelele, na huko maneno yetu ya kidini yana hatari zaidi, kwa sababu mgonjwa huyameza. *Sonona*, neno zuri ambalo madaktari wa Tanzania wamelichagua, hapo zamani lilikuwa uchungu wa ndani tu, wa mtu anayeugulia kimyakimya. Mwenye sonona hawezi kuamka kitandani. Sasa, katika orodha ya vilema vikuu saba ambayo Wakatoliki hufundishwa, cha mwisho ni *uvivu*. Neno la asili lilikuwa *akedia* la watawa wa jangwani. Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, alilieleza kama uchovu wa roho unaomjia mtawa mchana, jua likiwa limesimama. Aliiweka pia *huzuni* katika orodha yake ya mawazo manane. Huzuni ikaja kumezwa, akedia ikatafsiriwa uvivu, na hivi ndivyo binti mwenye sonona anavyojikuta akiungama uvivu kila Jumamosi, akipewa malipizi, na kurudi nyumbani akiwa na ushahidi mpya kwamba Mungu amemchoka. Kulisema hili si kutangaza kwamba uvivu haupo. Upo, nami naujua kwangu. Lakini mvivu hafurahii kuamshwa. Mwenye sonona anaililia nguvu ya kuamka na haipati. Amekosa nguvu. Hakukosa.

*Wasiwasi* umesafiri kinyume chake. Asili yake ni mnong'ono wa Shetani kifuani, na leo ni neno la kila siku la mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kuna wasiwasi unaoshika dhamiri: mtu anaungama, anatoka, anarudi mlangoni kuungama kwamba hakuungama vizuri. Wasomi wa Kilatini waliupa jina la kijiwe kidogo chenye ncha, kinachochoma kila hatua. Ignasi wa Loyola akiwa Manresa mwaka 1522 ulimfikisha kwenye kutamani kujitupa shimoni. Luther alimchosha mlezi wake Staupitz kwa maungamo yasiyokwisha. Hawa ni mababa wa makanisa mawili jirani, na wote wawili walijua kwamba sauti inayokushtaki kwa lugha ya Mungu si lazima iwe ya Mungu.

Aliyeshindwa kujua hivyo, na ambaye namwombea kama ndugu ingawa amekufa zaidi ya miaka 200, ni William Cowper. Wengi wetu tumeimba tenzi yake ya chemchemi ya damu ya Imanweli bila kujua jina lake. Mwaka 1763 alijaribu kujiua, akatibiwa St Albans, akapona, akaamini kwa furaha kubwa. Mwaka 1773 ugonjwa ulirudi, na katika ndoto alisikia maneno ya Kilatini yaliyomwambia kwamba shauri lake limekwisha, ameangamia. Aliamka akaamini kwamba hiyo ni hukumu ya Mungu. Tangu siku hiyo hadi alipokufa mwaka 1800 hakuhesabu tena kwamba wokovu ni wake. Nyimbo alizoandika na rafiki yake John Newton zilichapwa mwaka 1779, watu wakafarijika kwazo Uingereza nzima na baadaye Unguja na Bumbuli, na mwandishi wake alidhani faraja hiyo ni ya kila mtu isipokuwa yeye. Newton alimkalisha nyumbani kwake zaidi ya mwaka mmoja katika kipindi kibaya zaidi. Hakumwita mwenye imani haba. Je, Mungu alimhesabia Cowper kukata tamaa? Kukata ni kutenda, na nadhani ndilo neno lililokosewa. Tamaa yake haikukatwa na yeye, ilimkatikia.

Nimesema mengi upande wa rehema, na rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hisabati, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, "Ndugu yangu, usinichukulie dhambi zangu."

Yeye ana ugonjwa wa hisia mbili zinazopokezana, wa kupanda na kushuka, tangu ujana. Ameniruhusu nisimulie. Alisema watu wakijua ana ugonjwa huo hawamwachii kosa hata moja liwe lake. Akimkaripia mwanafunzi, ni ugonjwa. Akichelewa kazini, ni ugonjwa. Akilia kanisani, dada wa kwaya wanatazamana. "Mmenitoa hatia," alisema, "mkanitoa na utu." Nikatambua kwamba na mimi, kwa vitenzi vyangu vyote vya kutendwa, nilikuwa nimemfanya asiwe kiima cha sentensi yoyote. Mtu anayefiwa na kunyeshewa na kurukwa, naye pia hula, hupenda, huahidi, huiba, hutubu. Toma alikuwa na busara kuliko mimi alipotenganisha vipindi.

Kuna siku mwaka juzi rafiki yangu alimpiga mama yake. Wiki kadhaa baadaye, akili zikiwa zimemrudia na mama amekwisha kumkumbatia, alikwenda kwa mchungaji wetu wa sasa, ambaye ni mwanamke, akaomba maungamo.

"Mama mchungaji," akasema, "kile kipigo sijui nikiiteje. Nilirukwa. Nakumbuka kama ninavyokumbuka ndoto. Lakini dawa niliacha mwenyewe, na nilijua nikiacha nini hutokea. Hiyo ni yangu. Naomba nisamehewe hiyo."

Angeweza kumwambia si dhambi, mwalimu, nenda kwa amani. Ni jambo ambalo ningemwambia mimi. Angeweza pia kumpokelea yote jumla jumla. Badala yake alivuta kiti karibu, akamuuliza kama anavyouliza mhasibu mwenye huruma, "Uliacha, mwalimu, au zilikwisha?"

Alinyamaza kwa muda. Katika Kiswahili chetu dawa *zinakwisha* tu, kama mvua inavyokatika. Kitenzi hakina mtenda, na muuguzi wa dirishani hukitamka bila hata kuinua kichwa.

"Mwezi wa kwanza zilikwisha zahanati," akajibu. "Mwezi wa pili zilikuja. Nikaambiwa zimekuja. Sikwenda."

"Basi tuungame mwezi wa pili," akasema mama mchungaji. "Ule wa kwanza una wenyewe."